UZI: Mchoro wa shamba la sukari wa mwaka 1762. Mchongaji alihesabu meno ya gurudumu, watu akawapitia juu juu

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, kuna mchoro mmoja wa Kifaransa ambao kila mjadala wa utumwa ukiibuka lazima mtu autupie. Unaonyesha shamba la miwa la visiwa vya Karibi: milima kwa nyuma, mashamba yamegawanywa vipande vipande, nyumba ya bwana, vibanda vya watumwa vimepangwa kama mtaa, malisho ya ng'ombe, kinu, na nyumba ya kuchemshia sukari. Halafu hakosi mmoja wa kuuliza: mbona hapa sioni mateso yoyote? Badala ya kumtukana kama ilivyo desturi yetu, nimeona nimfungulie uzi. Mnaosoma mistari miwili na kukimbilia kukomenti, huu hauwahusu.

Kwanza asili yake. Mchoro umo katika Encyclopédie, kamusi elezo iliyohaririwa Paris na Denis Diderot pamoja na Jean d'Alembert. Juzuu za maandishi ni 17, zilitoka kati ya 1751 na 1765. Juzuu za michoro ni 11, zilitoka 1762 hadi 1772. Huu wetu umo katika ile ya kwanza kabisa ya michoro, ya 1762, sehemu ya kilimo. Haukuja peke yake: unafuatwa na michoro ya vinu, masufuria na vyungu vya sukari, na jirani zake ni pamba, tumbaku, nili na mihogo.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Machi 1759 serikali ya mfalme ilifuta kibali cha kamusi hiyo. Mwaka huohuo Papa Clement XIII naye akailaani. Wachapishaji walikuwa wameshapokea fedha za maelfu ya wateja waliojiandikisha, wakabaki wamekaliwa kooni. Kilichowaokoa ni michoro. Walipewa kibali kingine, cha kuchapa picha za ufundi peke yake, bila yale maandishi yaliyowaudhi wakubwa. Ndiyo maana michoro ilianza kutoka 1762 kwa kibali, ilhali juzuu 10 za mwisho za maandishi zilikuja kutoka kwa mkupuo mwaka 1765, zikijifanya zimechapwa Neuchâtel huko Uswisi.

Yaani shamba la watumwa lilipita kwenye ukaguzi likiwa ni picha ya ufundi tu. Hakuna aliyeona siasa kwenye gurudumu la kinu. Shikeni hilo tunapoendelea.

#2 Kalamu Butu (mleta uzi)

Naendelea. Nyakati hizo picha ya kitabu ilichongwa kwenye bamba la shaba. Bamba linapakwa nta, fundi anachora juu ya nta kwa sindano, kisha linamwagiwa tindikali inayokula shaba pale nta ilipokwaruzwa. Baadaye anarudia kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, anakaza mistari inayotakiwa kuwa mizito. Wino unapakwa, unafutwa, unabaki kwenye mifereji tu. Karatasi mbichi inawekwa juu, vyote vinapitishwa kwenye rola za mashine ya kuchapia. Kila kivuli unachokiona ni mistari. Kivuli kizito ni mistari iliyokatana. Hakuna kilichoingia humo kwa bahati mbaya, maana kila mstari umegharimu muda wa mtu.

Kwa hiyo unapotazama, jiulize fundi alitumia muda wake wapi. Kwenye mashine alihesabu meno ya gurudumu. Alipima mihimili. Akafungua kinu akakionyesha kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, kila kipande na herufi yake, ili mtu wa Nantes au Bordeaux mwenye mtaji aweze kumwita seremala akamwambia nitengenezee hiki. Watu ndani ya michoro hiyohiyo ni wadogo, wametulia, nyuso zao huwezi kuzitofautisha. Wapo kuonyesha mahali ambapo binadamu anasimama wakati mashine inafanya kazi.

Sasa tuingie kinuni wenyewe. Kinu cha zama hizo ni rola tatu zilizosimama wima, zimevikwa chuma. Ya katikati inazungushwa na wanyama, upepo au maji, nayo kwa meno yake inazizungusha za pembeni. Mtu wa mbele anaingiza miwa kati ya rola ya kwanza na ya katikati. Nyuma ya kinu yuko mwingine, anaipokea ikiwa imebanwa mara moja na kuirudisha kati ya ile ya katikati na ya tatu. Mara nyingi kazi hii walipewa wanawake. Kinu cha ng'ombe, mtu akinaswa, mwenye kuswaga anaweza kuwazuia wanyama. Kinu cha maji hakisikii kelele: mpaka mtu akimbie kufunga mlango wa maji, na hata ukifungwa, gurudumu lile zito haligandi papo hapo.

Waandishi waliokaa visiwani wanataja panga au shoka lililowekwa karibu na rola, ili mkono ukinaswa ukatwe kabla mwili haujafuata. Mwandishi Mfaransa Voltaire mwaka 1759 alimweka mtumwa wa Suriname, koloni la Amerika Kusini, katika hadithi yake, anaeleza kwamba kinu kikinasa kidole wanakukata mkono, ukijaribu kutoroka wanakukata mguu, na kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Hiyo ni miaka 3 kabla ya mchoro wetu, na wasomaji wake ni walewale. Msije mkaniambia Paris haikujua.

Kutoka kinuni maji ya miwa yanatiririka kwenye mfereji hadi nyumba ya kuchemshia. Huko kuna masufuria makubwa yaliyojengewa kwenye jiko moja refu, kutoka kubwa hadi dogo. Maji hayo yanatiwa chokaa na maji ya majivu ili uchafu upande juu, povu linaenguliwa, maji yanahamishiwa kwenye sufuria linalofuata kwa upawa wenye mpini mrefu, na kadiri yanavyopungua ndivyo joto linavyozidi. La mwisho Wafaransa waliliita batterie, na hapo ndipo sukari inapokolea. Aliyesimama hapo alikuwa bingwa: akichelewa kidogo imeungua, akiwahi haigandi. Huyo mtaalamu alikuwa mtumwa, na ujuzi wake wote ulikuwa mali ya bwana.

Kisha inamiminwa kwenye vyungu vya udongo vyenye umbo la pia (koni), tundu kwenye ncha, ncha ikielekea chini. Molasi inachuruzika kwa wiki kadhaa. Juu unapakwa udongo mbichi, maji yake yanashuka taratibu na kuiosha sukari hadi inakuwa nyeupe. Baada ya hapo inakaushwa kwenye jengo lenye moto, ndipo inaingia kwenye mapipa.

Mchoro hauwezi kukuonyesha saa, lakini ufundi unakulazimisha uijue. Muwa ukishakatwa huanza kuchacha, na baada ya siku moja au mbili umeshapoteza thamani. Kinu hakiwezi kusubiri, masufuria hayawezi kupoa. Kwa hiyo wakati wa mavuno, ambao ulichukua miezi, kazi ilikwenda usiku na mchana kwa zamu. Na aliyesinzia saa nane za usiku ndiye huyohuyo anayelisha rola.

Nimeishia hapo kwanza. Karibuni.

#3 Mkao wa Kula

Nondo hizi. Nimeshaweka kambi, shusha nyingine mkuu.

#4 Nguru Safi

Salamu kutoka Kakamega. Mimi nimekulia kando ya kiwanda cha sukari nguru na nimepika mwenyewe, kwa hiyo huo mchoro wa masufuria nimeuangalia kwa jicho la kazini. Mpangilio naujua. Yetu ni karai pana na injini ya dizeli inazungusha kinu, lakini mwendo ni uleule: kamua, chuja, tia chokaa, engua povu, kaza moto, mimina.

Kinachonishangaza ni usafi wa hicho chumba. Ndugu zangu, nyumba ya kupikia miwa ina mvuke hadi humuoni aliye ng'ambo ya karai. Sakafu inanata. Nyuki na nyigu hawahesabiki. Povu likifura linafura ghafla, na tone moja la sukari iliyokolea likikurukia mkononi halifutiki kama maji ya moto, linaganda na kuendelea kuunguza. Wapishi wote wa zamani niliowajua wana makovu kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ukinionyesha mpishi wa sukari mwenye mikono laini nitakwambia huyo ni mwenye kiwanda.

Jambo jingine, makapi. Sisi tunakausha makapi ya miwa juani ndiyo tunachomea. Kwenye huo mchoro kuni zinatoka wapi?

#5 Kalamu Butu (mleta uzi)

Nguru Safi, umenipa kitu ambacho maktaba haina. Kuhusu moto, huko pia walichoma makapi, hasa misitu ya visiwa ilipoisha. Barbados waliimaliza misitu yao ndani ya karne ya 17 kwa sababu ya sukari hiihii. Shamba lilikuwa na mabanda maalumu ya kuhifadhi makapi yasinyeshewe, na kuyabeba kutoka kinuni, kuyaanika na kuyapeleka jikoni ilikuwa kazi ya kutwa, mara nyingi ya watoto na wazee.

#6 Mbishi Kidogo

Mleta mada hongera kwa utafiti ila mimi napinga. Unamhukumu mchoraji wa 1762 kwa macho ya leo. Nimepitia michoro mingine ya kamusi hiyohiyo. Watengeneza pini wa Ufaransa, wafinyanzi, waokaji mikate, wote wametulia, nguo safi, chumba kimefagiliwa. Ndiyo ulikuwa mtindo wao wa kuelezea ufundi. Hakuna njama ya kuficha watumwa. Kitabu cha kufundisha uundaji wa meli hakina wajibu wa kuonyesha wanaozama.

#7 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mbishi, hoja yako ina miguu. Ni kweli, mtindo ni mmoja kwa wote, na sikusema ni njama. Lakini fuatilia kinachofichwa na mtindo huo. Kwa mtengeneza pini wa Ufaransa, chumba kilichofagiliwa kinaficha uchovu, vumbi la shaba na ujira mdogo. Jioni anafunga kazi, anakwenda kwake. Kwa mtu wa kinuni kinaficha sheria nzima.

Sheria yenyewe ipo, iliandikwa. Amri ya mfalme ya mwaka 1685 iliyojulikana kama Code Noir ilipanga hata posho: kwa wiki, mtu mzima apewe vipimo viwili na nusu vya unga wa muhogo na ratili 2 za nyama ya chumvi au 3 za samaki. Mtoro akikaa nje mwezi mzima akakamatwa, anakatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani. Akirudia, anakatwa mshipa wa nyuma ya goti na kupigwa chapa bega la pili. Mara ya tatu anauawa. Sasa rudi kwenye mchoro, tazama ule mtaa wa vibanda. Ufunguo wa picha unautaja kwa namba, katika orodha ileile ya malisho na majengo. Ni sehemu ya mtambo.

Na kamusi yenyewe ilikuwa inajipinga, jambo ambalo mimi binafsi linanivutia kuliko mchoro. Mambo ya sukari na makala kuhusu watumwa wa makoloni aliandika Le Romain, mhandisi wa kisiwa cha Grenada, mtu aliyeijua kazi. Huyo anawapanga watumwa kwa asili zao, kabila gani linafaa kwa kazi gani, kama anayechagua mbao. Halafu katika makala ya biashara ya watumwa, iliyotoka mwaka uleule wa 1765, Louis de Jaucourt anasema bora makoloni ya Ulaya yaangamie kuliko kuwafanya watu wengi hivyo kuwa na dhiki. (Jaucourt sehemu kubwa aliitoa kwa mwanasheria wa Scotland, George Wallace, aliyechapisha 1760. Kunakili bila kutaja hakukuanza na mitandao.) Msomaji mwenye seti nzima alikuwa na hukumu kwenye rafu moja na maelekezo ya kuunda kinu kwenye rafu ya pili.

#8 Mbishi Kidogo

Hapo kwenye sheria nimekuelewa. Kwenye mtindo bado nashikilia.

#9 Binti Kisiwani

Asalaam aleikum wote. Mimi ni wa Kilwa. Kwa hiyo hawa watu kwenye mchoro inawezekana ni babu zetu? Maana tunaambiwa Wafaransa walikuwa wanachukua watu kwetu.

#10 Kalamu Butu (mleta uzi)

Waaleikum salaam dada. Tusiunganishe kamba fupi. Mchoro ni wa visiwa vya Karibi, na huko watu walitoka kwa wingi sana Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Mwaka 1762 Kilwa haikuwa sehemu kubwa ya habari hiyo.

Lakini Wafaransa walikuja. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: watu 1,000 kwa mwaka, piasta 20 (sarafu za fedha) kila mmoja, na zawadi ya piasta 2 kwa sultani kwa kila kichwa. Wengi walipelekwa Île de France, yaani Morisi ya leo, na Bourbon, yaani Réunion. Mkataba ni kitu kimoja na utekelezaji ni kingine, lakini bei ile imeandikwa kwa wino, na ukiisoma ukiwa umetoka kutazama bei za mapipa ya sukari unapata baridi.

Huko Morisi sukari ilikuwepo. Gavana Mahé de La Bourdonnais, aliyefika 1735, alisimamia kuanzishwa kwa kiwanda cha mwanzo cha sukari miaka ya 1740. Ila wakati wa Morice kisiwa kilikuwa hasa bandari na kituo cha meli, na watu waliochukuliwa kwetu walifanya kazi za bandarini, ujenzi, mashamba ya chakula na za majumbani pia. Sukari ilikuja kukimeza kisiwa baada ya Waingereza kukitwaa 1810, na zaidi baada ya 1825 ushuru wa sukari yake kuingia Uingereza ulipolinganishwa na wa Karibi.

Na kuna kamba ya mwisho, nyembamba lakini ya kweli. Katika miaka ya 1770 na 1780 baadhi ya meli za Kifaransa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikipeleka watu wa pwani ya mashariki hadi Saint-Domingue, Haiti ya leo. Huko waliitwa kwa jumla watu wa Msumbiji, hata kama walipandishwa bandari nyingine.

#11 Mwera wa Pangani

Tusisahau na sisi wenyewe. Bonde la Pangani karne ya 19 lilikuwa na mashamba ya miwa na vinu vya mabwana wa Kiarabu, kazi ikifanywa na watumwa. Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani wakamnyonga hapo Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa. Shuleni tulifundishwa upanga wake tu, kinu tukafichwa.

#12 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mwera, hilo linataka uzi wake, na ukiufungua nitakuwa wa kwanza kuweka kambi.

#13 Mkao wa Kula

Swali la mwisho kwangu: hilo shamba la kwenye mchoro liliishia wapi?

#14 Kalamu Butu (mleta uzi)

Ni shamba la mfano, mkuu. Lina kila kitu ambacho shamba la aina hiyo lilitakiwa kuwa nacho. Lakini ya kweli ya namna hiyo yalikuwa mamia. Kufikia 1789 Saint-Domingue peke yake ilikuwa na karibu watumwa 500,000 dhidi ya Wazungu kama 30,000, ndilo koloni lililouza sukari nyingi kuliko yote duniani. Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini waliamka kwa pamoja na kuchoma mashamba, vinu na nyumba za kuchemshia. Waliovunja mitambo ile ndio waliokuwa wakiiendesha, kwa hiyo walijua pa kupiga. Haiti ikatangaza uhuru 1 Januari 1804. Kwa wale walioichukulia ile juzuu kama mwongozo wa uwekezaji, hesabu ziliishia hapo.

#15 Fundi Chapa

Nimechelewa lakini hii ni fani yangu. Tahadhari kwa wanaotaka kununua karatasi hizi mtandaoni. Juzuu nyingi zimechanwa ili kila ukurasa uuzwe kivyake. Ya asili ina wino mweusi tu. Ukiiona ina rangi, majani ya kijani na ngozi ya hudhurungi, rangi hiyo kwa kawaida imepakwa baadaye na muuzaji ili ipendeze ukutani, na yeye ndiye aliyeamua nani aonekane mweusi kiasi gani.

Pitisha kidole pembezoni mwa picha: bamba la shaba likigandamizwa kwenye karatasi mbichi huacha mbonyeo, ukingo wake unahisiwa. Inua karatasi mbele ya dirisha, utaona mistari ya chekecheke ya waya iliyotumika kutengenezea karatasi ya zamani. Nyuma hapana maandishi. Na kwenye nyingi, chini kushoto kuna jina la mchoraji, mara nyingi Goussier, na kulia jina la mchongaji, mara nyingi Bénard.

#16 Kalamu Butu (mleta uzi)

Shukrani Fundi. Kwa wasio na hela ya kununua, seti nzima imeshapigwa picha na maktaba kubwa na inasomeka bure. Tafuteni juzuu ya kwanza ya michoro, sehemu ya kilimo. Mkifika, msiishie kwenye ule wenye milima, ndio mzuri kuliko yote na ndio unaosema machache. Nendeni kwenye kinu, mtafute mahali anaposimama mtu wa nyuma.